Taa za Kariakoo

"Kaka, hii haina cheni?"

Fundi aliuliza hivyo siku ya kwanza nilipomwingiza Bibi kwenye kibanda chake Tandika. Maisha yake yote amelala na kuamka na bodaboda. Injini ya sisi 125 anaifungua na kuifunga umeme ukiwa umekatika, kwa tochi ya simu aliyoing'ata mdomoni. Siku hiyo mbele yake ilisimama Honda ST1100 ya mwaka 1993: silinda nne zilizokaa kwa umbo la V, sisi 1,084, uzito unaopita kilo 300 tangi likijaa. Alizunguka nyuma, akachuchumaa, akatafuta cheni pasipo na cheni.

"Inatumia propela," nikamwambia. "Kama lori."

"Na difu?"

"Na difu."

Akacheka peke yake, akainuka, akaenda kunawa mikono kabla ya kuigusa. Hapo nikajua nimempata fundi.

Bibi ni jina nililompa mimi, na umri anao. Mwanawe, ST1300, alizaliwa baada yake, akafanya kazi, na sasa naye ameshastaafu kiwandani. Ukoo wao ni wa pikipiki zenye damu mbili: upande mmoja mbio, upande mwingine safari ndefu. BMW waliionyesha dunia njia mwaka 1976 kwa R100RS, wakiwa wamelipima ganda lake la mbele kwenye handaki la upepo la Pininfarina kule Italia. Kawasaki wakafuata na yao ya sisi 1,000 mwaka 1986. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Honda wakaleta hii, wakaiita Pan European huko Ulaya, na polisi wa Uingereza wakaipenda. Ina tangi la lita 28 ambalo sehemu yake imefichwa chini ya siti ili uzito ukae chini. Nia yao ilikuwa mtu atoke Munich asubuhi, alale Roma, na kesho yake mgongo usimdai.

Mimi sina Roma. Nina Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam. Kwa miaka mingi pikipiki ya namna hii isingethubutu kuikaribia. Matairi yake ni ya lami, na tumbo lake liko karibu na ardhi. Lakini kipande cha mwisho, kutoka Mbinga kushuka ziwani, nacho kimepata lami. Sasa unaweza kuondoka Kimara na kuteremka hadi majini bila kukanyaga vumbi. Niliposikia hivyo, sikuwa na sababu nyingine ya kumwacha Bibi chini ya turubai.

Nilimnunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba wake wa kazi nchini. Mita ilisoma kilomita 96,000. Kwa bodaboda hiyo ni hesabu ya kuzikwa. Kwa injini hii ni utu uzima tu. Mashine ya aina hii haiumizwi sana na kutembea. Inaumizwa na kusimama. Mipira ya maji hukauka, petroli iliyolala hugeuka gundi ndani ya kabureta, na Bibi alikuwa amesimama miaka miwili karibu na bahari, akilambwa na hewa ya chumvi.

Fundi alichana kipande cha boksi, akaandika orodha yake: oili na filta, plagi, kulanti, mafuta ya breki, tapeti, mkanda wa taimingi, gurudumu la nyuma, waya za eathi. Nami nilikuwa na orodha yangu, kwenye simu, yenye picha: siti, kioo kirefu, usukani uinuliwe, taa mbili za ziada, spika.

Yake tulifanya yote isipokuwa la mwisho. Yangu tulifanya yote.

Nianze na yake. Klachi ya Bibi inaogelea humohumo kwenye oili ya injini, kwa hiyo oili za magari zilizotiwa dawa ya kupunguza msuguano hazimfai. Klachi itateleza ukiwa katikati ya kuovateki. Tuliweka 10W-40 ya pikipiki. Mafuta ya breki yalitoka na rangi ya chai ya mkandaa. Mafuta haya yana uchu wa maji. Huyanyonya kutoka hewani kidogo kidogo, na ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki haijatoka nje. Breki zikipata moto kwenye mteremko, maji yale huchemka yakawa mvuke, na mvuke hubonyea. Unavuta breki, mkono unakutana na upepo.

Kisha tukavuta gurudumu la nyuma. Ndani ya kitovu chake kuna meno yanayoumana na meno ya difu, na nguvu yote ya injini hupita hapo kabla ya kufika barabarani. Gurudumu lilipotoka, ulimwagika unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Fundi aliukusanya kwa kidole, akaunusa.

"Kutu?" nikauliza.

"Kiu," akajibu. "Chuma kinakula chuma."

Meno yalikuwa yameanza kuchongoka, ila bado yalikuwa na maisha. Grisi ya kawaida haidumu mahali hapo. Gurudumu likizunguka huirusha nje. Yanahitaji mafuta mazito meusi yenye molibdenamu, yanayong'ang'ania chuma kama masizi kwenye sufuria. Rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Dubai aliniletea kopo lake, dogo kama la mafuta ya mgando. Bei yake ilikuwa moja ya sita ya bei ya zile taa. Tuliyapaka, tukarudisha gurudumu, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeyaona wala kuyasifia.

Sasa yangu. Siti niliipeleka Keko, kwa mafundi wa sofa, maana hakuna mtu mjini anayejua makalio ya Watanzania kuliko wao. Mzee mmoja aliibonyeza kwa kiganja, akaniuliza nakaa saa ngapi kwa siku. Kumi, nikasema. Akatikisa kichwa, akatoa sponji la kati lililochoka, akaweka gumu chini na laini kidogo juu. "Sofa laini huuzwa siku moja," alisema, "sofa gumu husifiwa mwaka mzima." Usukani niliinua kwa vipande viwili vya alumini nilivyokerezewa Gerezani, sentimita mbili na nusu tu. Kabla ya kukaza, Fundi aliuzungusha usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, macho yake yakifuata mipira ya breki na waya wa mafuta. Usukani ukiinuka na mpira ukabaki na urefu wa zamani, siku utakayokata kona kali pikipiki itajivutia mafuta yenyewe. Kioo cha mbele nilikiongeza sentimita kumi.

Halafu taa. Nilizikuta Kariakoo kwenye duka la vipuri, zikiwaka mchana kweupe, nyeupe hadi bluu, wati 40 kila moja. Pembeni yake kulikuwa na spika za pikipiki na amplifaya yake. Muuzaji alinitazama akajua. Nikatoka na vyote.

Siku ya kuvifunga ilimalizika na giza. Kwenye kile kipande cha boksi mstari mmoja ulikuwa haujakatwa.

"Waya za eathi tutazisafisha nikirudi," nilisema.

Fundi aliendelea kufuta spana zake. "Safari ni yako, kaka."

*

Tuliondoka, mimi na Bibi, saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Juni, barabara ya njia nane ya Kimara hadi Kibaha ikiwa bado tupu. Upepo wa matairi nilikuwa nimeupima yakiwa ya baridi: 36 mbele, 42 nyuma. Kipimo cha baridi ndicho cha kuaminiwa. Ukipima kituoni baada ya mwendo wa saa nzima, hewa iliyopashwa moto itakudanganya. Matairi yenyewe yalikuwa mapya. Kabla ya kuyalipia nilisoma tarakimu nne zilizogongwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kwenye joto letu tairi linaweza kuzeekea dukani likiwa na meno yake yote.

Anayetoka kwenye bodaboda akapanda pikipiki kama hii anajifunza upya mambo ya kitoto. Kwanza, kuegesha. Bodaboda unaisimamisha popote. Bibi ukimwingiza kichwa chini kwenye mteremko, hutamrudisha nyuma bila vijana wanne. Nilijifunza hilo Chalinze, nikiwa nimeinama kuegemea usukani huku watu wakimaliza chapati zao ili waje kunisaidia. Pili, stendi ya pembeni: kwenye udongo laini huzama polepole, kwa hiyo mfukoni nina kifuniko cha bati cha kopo la maziwa ya unga cha kuitilia chini. Tatu, macho. Kilo 300 haziendi unakotaka, zinaenda unakotazama. Ukilikodolea shimo, umelipata.

Kutoka Morogoro milima ya Uluguru ilikuwa bado imejifunika ukungu. Bibi akiwa gia ya tano, kilomita 100 kwa saa, injini haifiki mizunguko 4,000 kwa dakika. Inanguruma kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti. Ila mwendo huo hauishi muda mrefu. Barabara yetu imeandikwa 50 na kutiwa mkazo kwa matuta, na pikipiki iliyojengwa kwa barabara kuu za Ujerumani hulazimika kujifunza adabu hiyo: punguza, panda tuta, shuka, ongeza, punguza. Trafiki walinisimamisha mara mbili, na mara zote mbili hapakuwa na kosa.

"Hii ni sisi ngapi?"

"Elfu moja na mia moja, afande."

"Hilo ni gari. Washa taa tuone."

Nikawasha. Wakasogea nyuma, wakacheka, mmoja akatoa simu akapiga picha. Nikaondoka kifua mbele. Vituo vya mafuta ilikuwa vilevile: watoto, madereva, mama wa karanga, wote waligeuka. Hakuna aliyeuliza habari za meno ya difu.

Mikumi nilipita taratibu. Kwa kilomita 50 barabara inakatisha ndani ya hifadhi, na ukimgonga mnyama kuna faini yake. Lakini faini ni shida ya mwenye gari. Kwa mwenye pikipiki, nyati ni ukuta. Nyani walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa lami wakiota jua kama wazee wa baraza. Twiga watatu walisubiri nipite, kisha wakavuka bila haraka.

Ruaha Mbuyuni ndiko kioo kirefu kilikoanza kunidai. Bonde lile ni tanuri. Mibuyu imesimama bila majani, vijana wanakimbiza mifuko ya vitunguu madirishani mwa mabasi. Sentimita kumi nilizoongeza zilizuia upepo wote, na joto la injini, lililokosa pa kwenda, likapanda mapajani. Bahari nilikuwa nimeiacha asubuhi, jasho lake likanifuata. Kitu nilichokiweka kwa ajili ya baridi ya Njombe kilikuwa kinanipika kilomita 300 kabla ya kufika huko.

Kisha Kitonga.

Anayeijua njia ya Iringa anaujua mlima huu: barabara imejibanza ubavuni mwa jabali, kona juu ya kona, bonde likiwa chini yako upande mmoja. Siku ya kawaida ni raha ya pikipiki. Unashusha gia kabla ya kona, si ndani yake. Unaitazama sehemu unayotaka kutokea. Unafungua mafuta taratibu, na Bibi anainama, anainuka, kama mtu anayecheza mdundiko bila kumwaga maji kichwani. Lakini siku hiyo lori lilikuwa limekata pumzi kwenye kona, na msururu wa malori ya Zambia na Kongo ulikuwa ukipanda kwa hatua za mgonjwa. Tukapanda hatua tano, tukasimama. Kumi, tukasimama. Feni ya rejeta ilikuwa inalia muda wote. Taa zangu zilikuwa zinawaka, kwa sababu ziliwaka vizuri. Spika zilikuwa zinapiga taarab kwa sauti ya kuwafikia madereva wa mbele. Karibu saa nzima ilipita hivyo.

Kileleni nilikuta upenyo, nikasimama, nikazima injini ili nipige picha ya bonde. Nilipobonyeza kitufe cha kuwasha, Bibi alisema tk-tk-tk, akanyamaza.

Nilibonyeza tena, kama kila mjinga anavyofanya. Hakusema hata hilo.

Dereva wa lori moja, mzee mwenye kofia ya sufu na msuli kiunoni, alishuka na utingo wake. Lori lilikuwa linaelekea Lubumbashi. Aliitazama pikipiki yote, kuanzia kioo hadi mabegi ya pembeni, kisha macho yakarudi kwenye taa.

"Mdogo wangu, mchana huu ulikuwa unamulika nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba waya za kuungia.

"Ninazo. Lakini langu ni volti 24. Tukiunga hovyo hapa unaondoka na majivu." Akafungua sanduku la betri ubavuni mwa lori. Ndani zilikuwa mbili, za volti 12 kila moja, zimefuatanishwa. Akachagua ile iliyoshikwa na bodi, akachukua umeme wa hiyo moja tu. Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwenye hasi ya betri yangu. Nikabonyeza. Bibi akajikongoja, akashindwa.

Mzee akatoa koleo la waya mweusi kutoka kwenye betri, akalibana kwenye chuma kitupu cha injini.

"Haya."

Ikawaka papo hapo.

"Umeona?" alisema, akikunja waya zake mkononi kama fundi cherehani. "Betri imekwisha, sawa. Lakini eathi yako nayo ni mbovu. Umeme unatoka, haujui pa kurudia." Alikataa pesa. Alichotaka ni nizime taa kabla hajaondoka, na nikazizima mbele yake.

*

Usiku ule Iringa, kwenye ua wa nyumba ya wageni, nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya Tandika. Alteneta ya Bibi, kwa umri wake, inatoa ampia 28 injini ikichangamka. Ukizidisha kwa volti unapata kama wati 380. Injini yenyewe, taa yake kubwa na feni vinakula zaidi ya nusu. Na hizo 380 ni za mwendo. Ukitambaa nyuma ya lori, unapata sehemu yake tu. Mimi nilikuwa nimeongeza wati 80 za taa, amplifaya na chaja ya simu. Kitonga nzima nilikuwa ninaichota betri kwa kijiko.

Nikatoa mita. Injini ikiwa silensa, taa na spika zikiwa zimewashwa: volti 12.1. Nikavizima: 13.3. Nikafuata waya wa eathi mpaka ulipofungwa; kichwa chake kilikuwa na ukoga wa kijani. Nikakifungua, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa, nikakipaka mafuta ya mgando, nikakikaza. Dakika kumi na tano. Nikapandisha injini mizunguko 3,000: volti 14. Nikachomoa fyuzi ya taa na ya spika, nikazitia mfukoni, nikalala.

Kesho yake tulisafiri kimya, na kimya kile kilikuwa na mengi. Bila taarab niliisikia injini. Niliusikia mlio wa difu, mwembamba na wa sare, nikijua sasa kwa nini ni wa sare. Baada ya Mafinga misonobari ya Sao Hill ilisimama safu kwa safu na hewa ikanukia utomvu. Makambako niliacha barabara ya Mbeya, nikashika ya Songea.

Njombe iko juu, karibu mita 2,000, na mwezi wa Juni baridi yake haina mzaha na mtu wa Pwani. Hapo kioo kirefu, mbaya wangu wa jana, kilinibeba. Upepo ulipita juu ya kofia, joto la injini lililonitesa Ruaha likawa jiko la miguu. Nikagundua kwamba katika siku mbili barabara ilikuwa imeniuliza maswali mawili yanayopingana, na kioo kilikuwa na jibu la moja. Siti ya Keko ilikuwa na jibu la yote mawili. Mzee yule hakuniuliza ninataka ionekanaje; aliniuliza ninakaa saa ngapi.

Nililala Njombe. Asubuhi, kwenye ua wenye umande, mguu wangu uliteleza wakati namgeuza Bibi, naye akalala ubavu taratibu, kama ng'ombe. Waliomchora walijua hili lingetokea: pembeni mwa injini kuna mbawa mbili za plastiki zenye chuma ndani, hulalia hizo na ganda halivunjiki. Kumwinua ni ujuzi, nguvu ni nyongeza. Unampa mgongo, unachuchumaa, mkono mmoja usukani, mwingine chuma cha nyuma, kisha unatembea kinyumenyume kwa hatua fupi huku makalio yakisukuma siti. Mlinzi alitazama yote hayo akiwa na kikombe cha chai. "Umezoea," alisema.

Kutoka Njombe hadi Songea ni lami ya tangu miaka ya 1980, ina viraka vyake, lakini aliyeichora alikuwa na mkono mzuri. Kona zinafuatana kwa kipimo kimoja, mabonde ya chai yanafunguka na kufunga. Kabureta, zilizopimwa kwa hewa nzito ya Pwani, zilikuwa zikikohoa kidogo juu kule, tuliposhuka zikatulia. Songea nilikula, nikajaza tangi, nikaendelea. Umatengo ulinipunguzia mwendo bila tuta lolote: milima imechorwa na mashimo ya ngoro, kilimo cha Wamatengo kinachoshika maji na udongo kwenye miteremko ambako jembe la kawaida lingeviacha viende zao, na kahawa imesimama kando yake.

Baada ya Mbinga barabara inaanza kuanguka. Ziwa liko chini kabisa, mita 470 hivi kutoka usawa wa bahari, na lami inalifuata kwa kona za kukunja shingo. Nilishusha gia ya tatu, nikaiacha injini inishikie uzito, breki nikazigusa kwa vipindi: kamata, achia, kamata, achia. Mkono wangu ulikuta breki pale ulipoiacha, kila mara. Nikayakumbuka yale mafuta ya rangi ya chai. Kona moja, nyingine, kisha miti ikaachana na ziwa likajitandaza lote mbele yangu, na upande wa pili milima ya Malawi kama moshi.

*

Jioni nilikuwa nimekaa ufukweni, Bibi nyuma yangu na kifuniko cha bati chini ya stendi, wavuvi wakiandaa mitumbwi. Usiku ule haukuwa na mwezi, na usiku wa giza ndio wa usipa, dagaa wa ziwa hili. Mmoja wao, kijana mwenye betri ya gari begani, alisimama mbele ya pikipiki. Nilingoja swali la sisi ngapi.

"Hizi taa zinakula volti ngapi, kaka?"

"Kumi na mbili."

"Wati?"

"Arobaini kila moja."

Alihesabu kimoyomoyo. Betri yake ilikuwa N70. "Zinafika asubuhi," alisema. Halafu, kwa adabu: "Wewe huzitumii?"

Nilimweleza habari za Kitonga. Alisikiliza bila kucheka, kisha akanieleza kazi ya taa: usipa huufuata mwanga, hupanda juu kundi zima kuja kuutazama, na hapo ndipo wavu huwakuta. Nilikuwa na spana namba kumi mkononi kabla hajamaliza. Tangu Kariakoo zile zilikuwa taa za kuvulia. Kwenye kila kituo cha mafuta na kila kizuizi cha trafiki, mimi nilikuwa nazivulia watu.

Tulizifungua pamoja. Aliondoka nazo, na usiku ulipoiva ziwa liliwaka nukta kwa nukta hadi likafanana na mji. Nilijaribu kuzitambua zangu nikashindwa. Alfajiri aliniletea ndoo ndogo ya usipa wakavu waliokwisha kuanikwa, nikawafunga vizuri kwenye begi la kushoto, mahali palipokuwa na amplifaya.

Kurudi nilitumia siku tatu, nikisafiri mchana tu, na taa aliyozaliwa nayo Bibi. Fundi alinipokea Tandika, akapokea sehemu yake ya usipa, akazunguka pikipiki mara moja. Akaviona vyuma vitupu vilivyoshika taa.

"Ziko wapi?"

"Nyasa. Zinavua."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akachukua kile kipande cha boksi kilichokuwa bado kimechomekwa ukutani, akanipa kalamu, nami nikaukata ule mstari wa eathi mwenyewe. Tukampandisha Bibi kwenye stendi ya kati, tukavuta gurudumu la nyuma. Hapakudondoka unga. Meno yalikuwa meusi na mabichi, kama tulivyoyaacha.

Fundi alipitisha kidole, akakitazama kwenye mwanga wa mlango, akakifuta kwenye kitambaa.

"Haya," akasema, "rudisha gurudumu."